Maji ya Majeruhi

Diamando alikuwa amepiga magoti pembeni ya shimo, kitambaa cheupe amekitandaza mapajani. Alikifua mwenyewe na kukipiga pasi mwenyewe, maana kazi kama hiyo mama hampi mtu. Miaka mitano aliingoja asubuhi hii, kama wanavyoingoja akina mama wote wa Platanaki: mtoto anafukuliwa, mifupa inaoshwa kwa divai, inapangwa ndani ya sanduku dogo na fuvu juu yake, kisha sanduku linakwenda kukaa kanisani pamoja na masanduku ya babu zake. Hapo ndipo marehemu hupumzika, na aliyemzaa naye akapata usingizi. Divai ilikuwa tayari, nyekundu, ya shamba lao wenyewe.

Mwanamke aliyekuwa shimoni aliung'oa ubao wa jeneza, akatazama ndani, akafanya ishara ya msalaba. Akatazama tena.

"Bi Diamando," alisema, "kunja kitambaa chako, dada yangu. Ardhi haijamla."

Mumewe, Jenerali Theofanis Gravaris, alikuwa nyuma yake, ameegemea fimbo. Alisogea akachungulia. Lisandros, mwanawe wa pekee, aliyekufa kwa kifua kikuu akiwa bado mwanafunzi wa chuo cha maofisa, alikuwa amelala mle na vifungo vyake vya shaba. Ngozi imekauka juu ya mifupa. Nywele zipo, kucha zipo. Huyu Jenerali alikuwa ameona maiti wengi kuliko wote waliozikwa katika makaburi yale, na hakuna aliyewahi kumwona akitetereka. Siku hiyo ilibidi ashike bega la padri asianguke.

Wahenga wanasema la kuvunda halina ubani. Kule Arkadia, milimani, linalowatoa watu jasho ni lile lisilovunda. Maiti akikataa kuoza, hata mchunga mbuzi anajua maana yake: kuna mtu hajasamehe. Kuna neno lilitamkwa mahali fulani, juu yake au juu ya baba yake, nalo limemshika miguu hawezi kwenda. Ucheke ukitaka. Wapo waliorudi kutoka Athene na shahada zao, wakacheka pia, mpaka siku waliposimama kwenye kaburi la mtu wao.

Papa-Anthimos, padri wa mji, alisoma dua, wakamfukia kijana upya. "Tutampa miaka mitatu mingine," alisema. "Na Jumapili ijayo, kwa bahati, ni Jumapili ya Kusameheana. Kila mwenye neno na nyumba ya Gravaris aje na chumvi yake."

Chumvi hiyo ndiyo dawa. Mwenye kinyongo huitia kwenye maji, huikoroga mpaka iyeyuke, huyamwaga juu ya kaburi na kusema: kama chumvi hii inavyoyeyuka, na neno langu liyeyuke. Ni rahisi hivyo, ila lazima aimwage yule yule mwenye neno. Mwingine akimwaga ni kupoteza chumvi tu.

Mkahawani kwa Bilios hawakuzungumza lingine wiki nzima.

"Nani kamlaani Jenerali?" aliuliza mmoja.

"Swali gani hilo?" alisema Bilios, akigonga birika lake la kahawa. "Mtu amepeleka watu vitani mara tatu, unatafuta aliyemlaani? Tafuta ambaye hajamlaani, huyo utampata upesi."

"Bi Garufalia," alisema mzee mmoja pembeni, na hata Bilios akakubali kwa kichwa, kwa kuwa ni kweli.

Niwaambie basi alikuwa mtu wa namna gani. Theofanis alikuwa mwana wa mwendesha nyumbu, hana jina wala mjomba serikalini. Aliingia chuo cha maofisa kwa kichwa chake mwenyewe na akapanda cheo kwa mwili wake: bega moja lilibaki Bizani, kwenye theluji, vita vya mwanzo, na vidole viwili huko kaskazini katika vita vya pili. Alifukuzwa jeshini mara mbili na kurudishwa mara mbili, maana miaka ile serikali ikibadilika na maofisa walibadilishwa kama shuka. Kila alipofukuzwa alirudi Platanaki kupogoa mizabibu, akiwa amefunga mdomo. Hakuwahi kuiba shayiri ya farasi, hakuwahi kumpendelea mtu wa kwao. Hilo la mwisho watu walilisema kwa kujivunia: Gravaris hana ndugu wala jirani anapokuwa kazini. Alistaafu na upanga wa heshima, na kila tarehe ishirini na tano ya Machi, sikukuu ya taifa, alivaa medali zake akasimama mbele ya jiwe la mashujaa uwanjani, akasoma majina ya watoto wa mji waliokufa vitani, mmoja mmoja, na jinsi alivyokufa kila mmoja.

Alipofika kwa Pothitos, mwana wa Garufalia, alisema: "Asia Ndogo, jangwani, akiwapelekea maji majeruhi." Hapo Garufalia alitoka katikati ya watu na mtungi wa shaba uliojaa maji, akauweka chini ya jiwe. Kila mwaka. Watu wazima walilia.

Jumapili ya Kusameheana walikuja. Alikuja mjane ambaye mumewe aliganda Bizani. Alikuja kiwete mmoja aliyekuwa akitema mate kila Jenerali alipopita, akamwaga chumvi yake na kutema mate mara ya mwisho, kando, kwa adabu. Walikuja wanawake waliovaa nguo nyeusi kutoka vijiji vya juu, ambao Jenerali hakuwajua, lakini wao walimjua. Alisimama kwenye kichwa cha kaburi, kofia mkononi, akamwinamia kila mmoja. Mtu ambaye hakuwahi kuomba radhi maisha yake yote, siku hiyo aliomba mpaka sauti ikakauka.

Garufalia naye alikuja na kikombe chake.

"Mimi sina neno na wewe, Theofani," alisema. Yeye peke yake hakumwita Jenerali, kwa sababu walikua pamoja na alikwisha kumwona akipigwa fimbo na mama yake kwa kuiba tini. "Lakini nimeona wote wanakwenda na chumvi, nikasema nisije mikono mitupu kama mtu wa kusutwa."

Akamwaga. Jenerali alitazama maji yake yakizama kwenye udongo. Kati ya wote waliokuja, chumvi ya huyu ilikuwa ya bure, na Jenerali peke yake alijua kwamba hiyo ndiyo iliyotakiwa.

Diamando aliacha kula. Kwanza watu walidhani ni mfungo wa Kwaresima, kisha wakaona hata mkate anaurudisha. Daktari aliletwa kutoka Tripoli, mji mkubwa wa mkoa, akasikiliza moyo wake, akamwambia Jenerali barazani kwamba moyo huo ni mchovu na asipokula mama huyu atakufa, hakuna siri nyingine. Alikuwa akishinda kaburini kwenye kigoda, mikono mapajani, kama mtu anayengoja kuitwa ndani.

"Fani," alimwambia mumewe jioni moja alipokuja kumrudisha nyumbani, "bado kuna mmoja."

"Wote wamekuja."

"Bado kuna mmoja. Mimi nasikia. Na wewe unamjua."

"Diamando, nimeinama mbele ya kila mtu katika mkoa huu."

"Nimelala na wewe miaka thelathini. Toka urudi Asia unaamka kunywa maji, unakijaza kikombe, unakitazama, unayamwaga. Sijakuuliza. Ni mtoto wangu yule mle chini, Fani. Kama una deni la roho na mtu, nenda ukalipe. Usimwache mtoto alipe."

Jenerali alikichukua kigoda. Alimshika mkono wakateremka, na mkono ule ulikuwa mwepesi mno.

Jamani, mchimba kisima huingia mwenyewe. Usiku kucha alifanya kile alichokuwa amejikataza kwa miaka kumi na minne, akakumbuka kila kitu kwa mpangilio. Na asubuhi akavaa koti, bila medali, akaenda kwa Garufalia.

Alimkuta uani, amechuchumaa, anausugua ule mtungi wa shaba kwa limau na majivu. Tarehe ishirini na tano ilikuwa inakaribia.

"Karibu, Theofani. Mbona umekonda hivyo? Diamando amekula?"

"Hajala."

"Nitampelekea dengu mchana. Dengu na jani la kunukia, akikataa nitamlisha kwa mkono. Kaa basi, usinisimamie mlangoni kama mtoza kodi."

Alikaa kwenye ukingo wa kisima. "Nimekuja kwa habari ya Pothitos."

Uso wa yule mama ulifunguka. "Sema. Nani mwingine siku hizi ananizungumzia Pothitos? Watu wamechoka naye. Nieleze tena alivyokwenda na yale maji."

Alikuwa amemweleza mara nyingi. Alimweleza mara ya kwanza uani hapo hapo, aliporudi vitani, na alipoona jinsi uongo ule ulivyomsimamisha mwanamke aliyekuwa ameanguka, alidhani amefanya wema. Akaurudia kila mwaka, akiupamba kidogo.

"Hakupeleka maji," alisema Jenerali.

Garufalia aliendelea kusugua.

"Jangwa lile ni la chumvi, Garufalia. Ukiinama kunywa kwenye dimbwi unakuta chumvi. Tulikuwa tumebakiwa na pipa moja, la majeruhi. Nilitoa amri kwamba atakayeligusa atapigwa risasi. Asubuhi wakaniletea mtu waliyemkamata na kikombe mkononi."

"Kikombe kimoja?"

"Kimoja."

"Alikuwa amekunywa?"

"Nusu."

Mkono wake ulisimama juu ya shaba. "Endelea."

"Aliponiona alicheka. Alifurahi. Aliwaambia waliomshika, 'Niachieni, huyu ni wa kwetu, anamjua mama.'" Jenerali alijilazimisha kumtazama usoni. "Kikosi kizima kilikuwa kinanitazama. Nikimwachia wa kwetu, nitamzuiaje wa Krete, wa Thesalia? Hivyo ndivyo nilivyowaza. Nikasema amri ni amri."

"Nani alipiga?"

"Watu wa Thesalia. Karibu wote walikufa mtoni baadaye. Lakini amri ilikuwa yangu."

"Alisema nini mwishoni? Usinidanganye tena, nitajua."

"Aliomba amalizie kile kikombe."

"Ukampa?"

"Yalikuwa maji ya majeruhi."

Kuku waliingia uani wakaanza kuparua kwenye majivu, na hakuna aliyewafukuza.

"Na nyinyi wengine," alisema Garufalia, "mlikunywa lini?"

"Siku ile ile. Kabla ya adhuhuri tulifika kwenye visima."

"Maji mengi?"

"Mengi. Hata nyumbu walikunywa wakasaza."

Hapo ndipo alipoweka mtungi chini. Hakulia. Alijifuta mikono kwenye aproni, kidole baada ya kidole, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Kwa nini umeniambia?"

"Kwa ajili ya Lisandros. Ana neno linalomshika, na neno lenyewe ni hili. Nimekuja unisamehe, umwachie mwanangu."

"Theofani, wewe ni mjinga," alisema. "Ulisoma kote huko, ukavaa nyota zote zile, ukabaki mjinga. Nimshike kwa neno gani? Mimi nilikuwa nakuombea. Kila Pasaka nilikuletea mayai mekundu, ya kwako kabla ya ya ndugu zangu, nikisema huyu ndiye aliyekuwa na mwanangu mwisho. Mji mzima ukikulaani, mimi ndiye niliyekuwa nakutetea. Mwanao hakushikwa na mimi. Labda ameshikwa na Pothitos mwenyewe, sijui, wafu wana mambo yao. Mimi mpaka asubuhi ya leo sikuwa na neno na wewe."

Aliinuka kwa kushika goti.

"Sasa ninalo."

Jenerali aliteremka kutoka ukingoni, akapiga magoti kwenye majivu. Bega lake bovu lilimfanya aegemee upande mmoja. Alisema atafanya lolote. Alisema atauza shamba. Alisema tarehe ishirini na tano atasimama mbele ya jiwe aseme ukweli wote, watu wamtemee mate, wamvue medali, wamfukuze mjini akitaka. Na alipokuwa akisema hivyo, Mungu amsamehe, alihisi kifua kinamlegea kidogo, kama mtu aliyeahidiwa kulala.

"Useme nini?" Garufalia alimkata. "Kwamba mwanangu alipigwa risasi kama mwizi? Jina lake lifutwe kwenye jiwe? Umeniua mtoto mara moja, hutamuua mara ya pili ili wewe upumue. Utanyamaza. Utavaa medali zako, utasoma majina kama kila mwaka, na ukifika kwa Pothitos utasema aliwapelekea maji majeruhi. Kwa sauti, wasikie mpaka nyuma. Na mimi nitakuwa nimesimama mbele yako, nakutazama mdomo."

"Na Lisandros?"

Garufalia aliingia ndani, akatoka na konzi ya chumvi. Akaujaza maji ule mtungi wa shaba, akatangulia njiani, na Jenerali akamfuata nyuma hatua kadhaa. Bilios aliwaona wakipita, akavua kofia.

Diamando alikuwa amerudishwa nyumbani na dada yake siku hiyo, kwa hiyo walikuwa wawili tu. Garufalia alitia chumvi kwenye mtungi, akaikoroga kwa mkono mpaka kiwiko, muda mrefu, akipapasa chini kuhakikisha haikubaki hata chembe.

"Lisandros, mwanangu," alisema, "wewe hukumnyima mtu maji. Kama chumvi hii inavyoyeyuka, liyeyuke neno langu, na la Pothitos wangu kama analo. Nenda, mtoto. Nenda ukapumzike."

Aliyamwaga polepole, kuanzia kichwani hadi miguuni, akiuinamisha mtungi mpaka tone la mwisho. Jenerali alingoja. Alipoona anajitwisha mtungi mtupu begani aondoke, alimshika ukingo wa shali.

"Na mimi, Garufalia?"

"Chumvi imekwisha."

"Nitaleta."

"Chumvi yangu ndiyo iliyokwisha," alisema, akaitoa shali mkononi mwake bila ukali. "Wewe ardhi isikule, Theofani. Uje utolewe watu wakuone ulivyo, wakurudishe, utolewe tena wakuone, na mimi nitakuwa nimekwisha kuwa vumbi, hakuna wa kukumwagia."

Nyumbani alimwambia mkewe kwamba yule mmoja amekuja na amesamehe. Diamando hakuuliza ni nani. Aliomba mkate na zeituni. Jenerali alimkatia mkate mwenyewe kwa vidole vyake vitatu, akamtazama akitafuna, akatoka nje kwenda kusimama kwenye mizabibu ambako hakuna mtu.

Tarehe ishirini na tano alisoma majina. Mwaka uliofuata akasoma, na uliofuata. Watu walisema Jenerali amezeeka, sauti yake inakatika anapofika kwa Pothitos, maskini anampenda sana yule kijana. Garufalia aliuweka mtungi wake chini ya jiwe na kumtazama mdomo. Mayai mekundu hayakuja tena, na hilo hakuna aliyeligundua ila Diamando, ambaye alilinyamazia.

Miaka mitatu ilipotimia wakamfukua Lisandros. Diamando alipiga magoti na kitambaa kile kile. Mwanamke wa shimoni alichimba kwa woga, kisha akacheka kwa sauti, akainua mfupa wa mguu juu ya kichwa chake. Ulikuwa safi, wa manjano kama nta, hauna hata uzi wa nyama. Wanawake walianza kulia na kushukuru kwa pamoja. Wakaosha mfupa mmoja mmoja kwa divai, Diamando akapokea fuvu mapajani, akalipangusa, akalibusu kwenye paji, akampa mumewe abusu.

"Tumepona, Fani," alisema. Alikuwa anacheka na machozi yanamtiririka. Hakuonekana mzuri hivyo tangu arusi yao.

"Tumepona," alisema Jenerali.

"Hongera, mzee wangu," Bilios alimpiga mgongoni. "Sikujua ni nani, na siulizi. Lakini mtu huyo mdomo wake Mungu anausikiliza. Alichokisema kimekuwa."

Upande wa pili wa shimo Garufalia alikuwa amesimama kati ya wanawake, mkono kwenye mtungi wake, akiwamwagia maji ya kunawa wale walioshika mifupa. Alimwaga kwa Diamando, akambusu mashavu yote mawili. Alipofika kwa Jenerali alimmwagia pia, kama wengine, maji ya kutosha, akapita.

Watu walipokuwa wakiteremka na sanduku, Jenerali alimvuta Papa-Anthimos nyuma ya ukuta wa makaburi.

"Baba padri, nikifa mniache chini. Msinifukue. Nitaandika wosia, nitalipa kaburi, nitajenga ukuta huu upya."

Papa-Anthimos alicheka, akamshika mkono kama anavyoshikwa mtu mwenye furaha iliyozidi. "Maneno gani hayo, Jenerali, leo siku kama hii? Makaburi ni machache, na kila mtu ana zamu yake. Miaka mitano, tunakutoa, tunakuosha kwa divai yako mwenyewe, tunakuweka karibu na mwanao. Bi Diamando amekwisha kuniambia. Ameagiza na sanduku."